Prosesa iliyofungwa kizidisho: kabla hujagusa kloki

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta hapa Mwanza, wahariri wa video za harusi na vijana wa gemu watawaletea sana swali hili: "Fundi, mashine hii haiwezi kuongezwa kasi?" Mara nyingi mashine yenyewe ni mtumba wa ofisini, Dell OptiPlex au HP ya zamani, yenye prosesa ya Intel Core i5 isiyo na herufi K mwishoni mwa jina, yaani kizidisho chake kimefungwa kiwandani. Kabla ya kumjibu mteja, fanyeni hesabu.

Kasi ya prosesa ni kloki ya msingi, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa mashine, mara kizidisho. Core i5-2400 ina kloki ya megahezi 100 na kizidisho cha 31, ndiyo maana inaandikwa gigahezi 3.1. Ikipata nafasi ya joto na umeme hujipandisha yenyewe hadi 3.4, na hiyo ndiyo turbo. Kizidisho kikiwa kimefungwa, huwezi kukipandisha utakavyo, kwa hiyo unabaki na kloki ya msingi tu.

Mafundi wakongwe watawasimulia kwamba zamani hilo halikuwa tatizo, na wanasema kweli. Pentium E5200 ilikuwa na kloki ya 200 na kizidisho cha 12.5. Ukiipeleka kloki 266 kwenye mazabodi nzuri, prosesa ya gigahezi 2.5 inakimbia zaidi ya 3.3. Lakini msichukue simulizi hiyo mkaiingiza kwenye mashine za kuanzia 2011. Katika kizazi hicho, Sandy Bridge, Intel waliunganisha kila kitu kwenye kloki moja: PCIe (njia ya kadi), SATA (njia ya diski), USB, zote zinakwenda na ile 100. Ukiisukuma, hausukumi prosesa peke yake. Ukivuka 103 au 105 hivi mashine huanza kuganda, na kibaya zaidi ni diski kuharibu data kimyakimya. Mteja akipoteza picha za harusi ya watu, hakuna kasi itakayomrudishia.

Na faida yake ni ipi? 103 mara 31 ni megahezi 3193. Video iliyokuwa ikitoka kwa saa nzima itaokoa chini ya dakika mbili. Tena BIOS nyingi (programu ya mazabodi inayoiwasha mashine na kutunza mipangilio) za mashine hizi za ofisini hazina hata sehemu ya kubadilisha kloki.

Mwaka 2015 mlango ulifunguka kidogo. Kizazi kipya cha Intel, Skylake, kilitenganisha kloki ya prosesa na ya PCIe, na mwishoni mwa mwaka huo baadhi ya watengenezaji wa mazabodi wakatoa BIOS zilizoruhusu hata prosesa zisizo na K kupandishwa. i5-6400 ya gigahezi 2.7 ilifika zaidi ya 4. Intel wakaufunga mlango huo mapema 2016. Ukikutana na mashine yenye BIOS ya namna hiyo, jua inachopoteza: grafiki za ndani ya prosesa huzimwa, vipimo vya joto vya prosesa havisomeki sawasawa, na kazi zinazotumia AVX (amri za prosesa za hesabu nzito) hupungua kasi. Kupandisha kasi huku huoni joto ni hatari ambayo mimi siikubali kwa mashine ya mteja.

Mimi huanzia pengine kabisa. Mashine nyingi zinazoletwa hazipati hata ile turbo yake ya kiwandani. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki (chuma cha kuipoza) imekauka, mapezi yamezibwa na vumbi, na prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue. Zinazotoka nyumba za kando ya ziwa, Kirumba au Igombe, zina la ziada: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kama moshi hufuata taa usiku, feni huwavuta, wakakaukia humo humo ndani. Fungua, safisha, badilisha pesti, kisha pima kasi ikiwa kazini. Kurudisha 3.4 iliyopotea ni faida kubwa kuliko 103 yoyote. Halafu tazama RAM: vijiti viwili vya GB 4 kwenye chaneli mbili vinashinda kimoja cha GB 8, hasa kwa anayetegemea grafiki za ndani. Diski ya kuzunguka iondoke, iingie SSD. Hapo ndipo pesa ya mteja inapoonekana.

Kwa mwenye mazabodi inayoruhusu na aliyeelewa anachotaka, fanya kazi hivi. Nakili data yake kwanza kwenye diski nyingine. Ukihitaji kubadilisha BIOS, tumia UPS (betri ya akiba ya umeme), maana umeme ukikatika katikati ya zoezi mazabodi inaweza isiwake tena. Panda megahezi moja moja, na kila hatua iendeshe kazi nzito kwa saa kadhaa ukitazama joto, tena mchana wa jua kali, si usiku upepo wa ziwa unapovuma. Volteji usiiguse kwanza. Ikiganda hata mara moja tu, rudi nyuma hatua mbili na ubaki hapo. Namba uliyoishia iandike kwenye karatasi uibandike ndani ya kasha, kwa sababu betri ya CMOS (ile ndogo ya mazabodi inayotunza mipangilio) ikiisha na umeme ukikatika, mipangilio yote hurudi ya kiwandani, na fundi atakayefuata atahitaji kujua ilikuwa wapi.