Nafasi Isiyoonekana Katika Makefile

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaandika, kwa lugha ya C, programu ndogo ya kurekodi uzito na bei ya dagaa kwa wafanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba. Programu hiyo hujengwa kwa namna mbili, moja ya Kirumba na nyingine ya Nansio kule Ukerewe, na chaguo nimeliweka katika Makefile, yaani faili la maagizo ambalo make hulisoma ili kujenga programu, hivi:

SOKO := kirumba   # badilisha hapa

Chini yake nimeandika sharti la usawa, ifeq ($(SOKO),kirumba), lakini kila nikiendesha make, sehemu ya Kirumba inarukwa na kujengwa ile ya Nansio. Nimelinganisha herufi kwa herufi, sioni tofauti. Tena nikitumia $(subst .c,.o,$(MAFAILI)) ili kubadilisha .c kuwa .o katika orodha ya mafaili yangu, faili langu la bei.csv linageuka kuwa bei.osv. Nimekosea wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Macho yako ni mazima, kinachokusumbua hakionekani. GNU Make huondoa nafasi zilizopo kati ya := na neno la kwanza, lakini zile zilizopo kati ya neno la mwisho na alama ya reli (#), inayoanzisha maelezo, huziacha na kuzihesabu kuwa sehemu ya thamani, kwa hiyo kigeu chako SOKO kimebeba neno kirumba pamoja na nafasi tatu nyuma yake, na ifeq ikilinganisha haioni usawa. Ili ujionee mwenyewe, weka mstari huu chini ya kigeu:

$(info [$(SOKO)])

Utaona [kirumba   ], bano la kufungia likiwa limesogea mbali na neno. Hamishia maelezo yako kwenye mstari wa juu yake, au andika ifeq ($(strip $(SOKO)),kirumba), ambamo strip huondoa nafasi za pembeni. Mimi hupendelea njia ya kwanza, kwa kuwa strip hutibu pale tu ilipoandikwa, ilhali kigeu kile kile kinaweza kutumika mahali pengine kumi.

Na pengine mahali hapo ni pa hatari. Chukulia FOLDA yenye thamani ya matokeo imeandikwa kwa mtindo huo huo, kisha amri ya kusafisha ikawa rm -rf $(FOLDA)/*. Shell, programu inayotekeleza amri hiyo, itapokea vitu viwili, matokeo na /*, na hicho cha pili ni kila kilichomo kwenye mzizi wa diski ambacho una ruhusa ya kukifuta. Kagua faili lako lote leo kabla hujaendesha make clean.

Kuhusu bei.csv, subst haijui mwanzo wala mwisho wa neno: popote inapokuta .c huweka .o, hata katikati ya .csv. Unachohitaji ni patsubst, ambayo hupima neno zima, ikitanguliwa na filter ili mafaili yasiyo ya C yasiingie kabisa katika orodha:

$(patsubst %.c,%.o,$(filter %.c,$(MAFAILI)))

Usiache nafasi baada ya mkato kwa ajili ya urembo, kama tulivyozoea katika C. Ndani ya subst, nafasi inayofuata mkato huingia katika maandishi yenyewe, na ukiandika $(subst kirumba, nansio,bei-kirumba.txt) utapata bei- nansio.txt, ambayo Make itayasoma kama majina ya mafaili mawili.