Maswali na Majibu: Spika zinatetemesha sakafu, nifanyeje?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nakaa ghorofani, sakafu ni ya mbao, nina spika mbili ndefu zenye miguu ya chuma ya ncha. Nikiongeza sauti kidogo tu besi inavuma, vioo vya kabati vinalia trrrr na jirani wa chini ashanigongea mlango. Rafiki yangu anasema hizo ncha ndo zinazuia mtetemo, sasa mbona hali ndo hii? Ninunue mipira ya kuweka chini au niuze spika?

JIBU: Usiuze kitu. Rafiki yako hapo kakupoteza, ila sio yeye peke yake, wengi wanaamini hivyo. Ncha kazi yake ni kupenya zulia na kuifanya spika isiyumbe, yaani inaishikisha na sakafu. Kwenye zege haina shida kwasababu zege ni zito halitikisiki kirahisi, ila sakafu ya mbao chini ina uwazi, ukiipa mtetemo inalia kama ngoma.

Kabla hujatoa hela fanya hivi: ng'oa zile ncha, weka spika moja juu ya mto wa kochi, mtu aishikilie isianguke, piga wimbo uleule kwa sauti ileile kwa spika hiyo tu alafu weka kiganja sakafuni hatua moja pembeni. Kama sakafu imetulia na besi imesafika, mipira itakusaidia. Kama sakafu imetulia ila kioo bado kinalia, basi kinatikiswa na sauti ya hewani na hapo hamna mpira utakaokusaidia, bandika vipande vya kitambaa kinene kioo kinapogusa mbao.

Kwenye mipira sasa ndo watu wanaliwa hela. Wananunua yoyote ilimradi inauzwa kwa ajili ya spika, wakati kitu cha kwanza ni uzito. Spika ya kilo 20 kwenye mipira 4 kila mmoja unabeba kama kilo 5, na wa mbele saa nyingine zaidi maana sumaku ziko huko. Mpira mgumu sana haubonyei kwahiyo ni sawa na hujaweka kitu, laini sana unalaliwa mpaka mwisho nao ni bure. Kwa springi hesabu ni rahisi: ikibonyea milimita 1 kwa uzito wa spika inacheza kwenye Hz 16 hivi (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), ikibonyea 4 inashuka mpaka Hz 8. Inaanza kuzuia mtetemo kuanzia kama mara 1.4 ya namba hiyo kwenda juu, na pale pale kwenye namba yenyewe inauongeza, ndo maana unataka ishuke chini kabisa ya besi ya muziki wako. Mpira huwa mgumu zaidi ukitikiswa kuliko unavyoonekana umetulia, usiuamini sana kwa macho.

Spika ndefu juu ya kitu laini inaanguka, hasa kama kuna watoto. Weka ubao mpana mzito chini ya spika, mipira iwe kwenye kona za ubao. Tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo kidogo chini ya ubao nayo inafanya kazi vizuri tu, ila itabidi uijaze mara kwa mara.

Jirani atapata nafuu lakini hatapona, besi ya hewani inapita sakafu vilevile. Punguza besi usiku na utoe spika kwenye kona, kona inaikuza.

SWALI: Naruhusiwa kuweka playa ya santuri juu ya boksi la spika? Nafasi ni ndogo.

JIBU: Hapana jamani! Sindano inasoma mtetemo wowote, ukiwemo wa spika yenyewe, unarudi kwenye amplifaya na kutoka tena mkubwa zaidi mpaka inaanza kunguruma. Funga shelfu ukutani, na kama sakafu ni ya mbao hata ukipita karibu sindano haitaruka.