Re: Earl Anthony au Jason Belmonte, nani mkali zaidi kwenye bolingi (ule mchezo wa kuviringisha tufe kuangusha pini)?

Mkuu swali lako zuri ila wadau wanakurushia namba tu. Haya namba: Earl mataji 43 ya PBA (chama cha bolingi ya kulipwa Marekani), Belmo zaidi ya 30 ila yale makubwa anayo 15 na Earl 10. Walter Ray Williams Jr. ana 47 na anawazidi wote sema hakuna anayemtaja.

Sasa miaka ya 70 walikuwa wanarusha tufe za mpira na plastiki, hazishiki njia kihivyo, ilibidi mtu apige palepale kila mara na Earl kwenye hilo alikuwa mashine, 1975 akawa wa kwanza kuvuka dola 100,000 msimu mmoja. Matufe ya resini yamekuja miaka ya 90 mwanzoni, yanakata kona balaa, na Belmo anatumia mikono miwili so tufe linazunguka kama pia. Ni kama dagaa huku kwetu Kigoma, mzee aliyevua kwa karabai na kasia huwezi mpima kwa ndoo na dogo wa Kibirizi mwenye taa za sola na injini, unauliza aliwaacha wenzake wa usiku uleule kwa kiasi gani.

Mi nampa Earl. Mchezaji bora wa mwaka 1974 hadi 76, akarudia 81 hadi 83! Belmo kachukua mara 7 najua, msinipigie kelele. Ila Earl alikuwa mashoto, na upande wa kushoto mafuta yanayopakwa kwenye njia ya kurushia tufe hayachakai haraka maana wanaoupitia wachache, hapo kidogo alibebwa.