Mnaotaka kazi za haidrojeni, anzeni na maji

Wanangu, wengi mmeniuliza mtu asome nini ili aajiriwe kwenye mitambo ya haidrojeni. Jibu langu ni maji. Nimefanya kazi Omani kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta, upande wa maabara ya maji, na sasa nafundisha hapa Unguja. Ninaloandika nimeliona kwa macho.

Mjue kwanza kiwanda cha mafuta kinaitakia nini haidrojeni. Mafuta ghafi huja na salfa, na haidrojeni ndiyo inayoing'oa. Ndiyo pia inayosaidia kuvunja mafuta mazito yawe mepesi. Kwa kawaida hupatikana kwa kupitisha gesi asilia na mvuke kwenye tanuri, na kila tani moja ya haidrojeni huacha tani 9 au zaidi za kaboni dayoksaidi. Elektrolisisi inataka kuchukua nafasi ya tanuri hilo: umeme unapita kwenye maji, haidrojeni inatoka upande mmoja na oksijeni upande wa pili.

Mkisikia habari zake, pigeni hesabu wenyewe. Kilo moja ya haidrojeni hula kama yuniti 50 hadi 55 za umeme, yaani kilowati-saa, yuniti hizi hizi tunazonunua za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla. Huko Wesseling, Ujerumani, kiwanda cha Shell kilizindua mwaka 2021 mtambo wa elektrolisisi wa megawati 10, unaoweza kutoa hadi tani 1,300 za haidrojeni kwa mwaka. Mahitaji ya kiwanda wakati huo yalikuwa kama tani 180,000 kwa mwaka. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa kujenga mwingine wa megawati 100. Kebo ya baharini inayotuletea umeme wa bara, iliyozinduliwa 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, nayo uwezo wake ni megawati 100. Basi akija mtu kuwaahidi haidrojeni nyingi hapa Unguja, muulizeni umeme atautoa wapi, na msione haya kuuliza.

Sasa maji. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya haidrojeni inataka kilo 9 za maji, na kiwandani huzidi kidogo. Wingi huo hautishi. Kazi iko kwenye usafi. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya chokaa. Angalieni lile gamba jeupe ndani ya birika la nyumbani. Ndani yake mna kalisi, madini ya chokaa. Kalisi hiyo, au chuma kidogo kilicholika kwenye bomba, ikiingia kwenye elektrolaiza ya utando, yaani mtambo wa elektrolisisi wenye utando mwembamba kati ya pande mbili za gesi, hukamata zile nafasi za utando zinazopitisha protoni, chembe za haidrojeni zenye chaji. Hakuna kengele itakayolia siku hiyo. Mkondo wa umeme unabaki ule ule, ila volti za seli, vile vyumba vidogo vya mtambo maji yanamovunjwa, zinapanda polepole, wiki baada ya wiki, na mnalipia umeme zaidi kwa gesi ile ile. Kwa hiyo kila zamu soma volti za seli na uziandike, hata kama kompyuta inazihifadhi. Mkono unaoandika hugundua mapema.

Maji yanayoingia kwenye mitambo ya aina hii hutakiwa yawe chini ya maikrosimensi 1 kwa sentimita, kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; yakiwa safi zaidi, namba hushuka. Ya kisima huwa na mamia. Na hapa wageni wengi hukosea: wanachota sampuli kwenye bika, ile bilauri ya maabara, wanaipeleka maabara, kipimo kinasoma karibu 1, wanaanza kulaumu mtambo wa kusafishia. Maji safi kiasi hicho yakikaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kipimo kinapanda chenyewe. Pimeni ndani ya bomba, maji yakiwa yanapita, na muache mstari wa sampuli ujisafishe kwanza.

Usalama una masomo yake, lakini moja nalitaka mlibebe mapema. Haidrojeni hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na mwali wake mchana hauonekani. Wengi huogopa mtambo ukiwa kwenye nguvu kamili. Mimi nawaambia muwe macho zaidi umeme unapopungua, kwa mfano jua likifunikwa na wingu. Oksijeni inatoka kidogo, na ile haidrojeni inayopenya kwenye utando inaendelea kupenya, hivyo sehemu yake ndani ya oksijeni inakua. Ndiyo maana kila mtambo una kiwango cha chini cha mzigo, yaani sehemu ya nguvu yake kamili ambayo haitakiwi kushuka chini yake. Siku ya kwanza kazini, kiulizeni ni asilimia ngapi, na kipimo cha haidrojeni kwenye bomba la oksijeni kilihakikiwa lini.