Wasomaji Wanauliza: Rezo ya redio Lubumbashi, Kipushi na Likasi

SWALI: Jambo papa, mie niko mu Katuba, Lubumbashi, tuko batano tunasomaka elektroniki, tunataka kutengeneza rezo (mtandao) ya redio ya kidijitali ya wapenzi wa redio kuunga Lubumbashi, Kipushi na Likasi, yote kwa programu huria. Sasa tumeanza kugombana. Mmoja anasema tununue redio za DMR (aina moja ya redio ya kidijitali) juu bei iko chini, mwingine anasema M17 tu (aina nyingine, ya huria), na mie nilishaanza kuandika serveri moja kubwa ya kukaa Lubumbashi, wote wapitie pale. Nani anasema kweli?
Mwanafunzi wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, kwanza iache hiyo serveri. Siku umeme ukikatika huko kwenu, watu wawili wa Likasi wenye rele yao (mashini inayopokea sauti na kuirusha tena mbali) inayowaka vizuri hawatasikilizana, eti kwa sababu mashini ya Katuba imelala! Foni (redio) za zamani za misheni hazikuwa hivyo, betri, waya juu ya mti, basi mnaongea. Kila mji uwe na rele na reflekta yake, ile programu inayogawa sauti kwa wote waliounganishwa (ya M17 ni ndogo tu, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inaibeba bila shida), inarudisha sauti hapohapo kwanza, halafu kama njia ya kwenda mji mwingine ipo ndipo inatuma nakala. Kipushi ni kama kilomita 30, antena mbili za wifi zikionana mnaweza kujaribu. Likasi ni kama 120, hapo usijidanganye na ruko moja, tafuteni kilima cha katikati au mpitie intaneti. Mkimaliza, chomoeni intaneti ya Likasi makusudi muone kama wenyewe bado wanaongea.

Sasa redio. Kwenye DMR wewe ni namba, na kujua namba hiyo ni ya nani lazima uangalie orodha iliyowekwa mahali pengine, kwa hiyo rele ikitengwa na orodha hiyo, mtu mpya akiongea haimjui ni nani. M17 inaweka indikatifu yako yenyewe (jina lako la hewani) ndani ya kila mazungumzo, herufi mpaka 9 zimebanwa kwenye biti 48, haimuulizi mtu. Mie hapo tu ningeshachagua.

Halafu kuna kufuli ya sauti. Maandishi ya kiufundi ya DMR yalitoka ETSI, shirika la viwango la Ulaya, mwaka 2005 na yeyote anaweza kuyasoma, lakini sauti inapita kwenye kodeki (njia ya kubana sauti) AMBE+2 ambayo ina mwenyewe, kampuni DVSI, unanunua chipu au leseni, kwa hiyo ile "yote huria" yenu inafia hapo. M17, iliyoanzishwa Poland 2019 na Wojciech Kaczmarski, inatumia Codec 2 ya David Rowe wa Australia, biti 3200 kwa sekunde, unaipakua, unaifungua, unaibadilisha. Ila mwenzenu wa DMR hajakosea kuhusu bei, redio za M17 za dukani ni chache sana. Modemu ya MMDVM (kifaa cha kuunganisha redio na kompyuta) inaelewa zote mbili, lakini msijaribu kubadilisha sauti ya huku iende kule katikati ya mtandao, mtarudi palepale kwenye AMBE.

Na kabla ya kuwasha chochote, leseni! Programu kuwa huria haifanyi hewa iwe huria. Indikatifu za kwetu zinaanza na 9Q, mkiipata ndipo mtume. M17 ina sehemu ya kuficha mazungumzo kwa siri, izimeni kabisa, redio ya wapenzi haifichi maana ya maneno, na kwa jinsi redio mkononi inavyotia watu wasiwasi hapa nchini, afadhali kila mtu aweze kuwasikia mnasema nini. Biashara pia hapana.

Zile DMR kama ameshanunua msizitupe. Angalieni kama ni TYT MD-380, hiyo ukiilehemu kidogo ndani na kuiwekea programu huria ya OpenRTX inaongea M17. Ila aifanye yule mwenye mkono mtulivu, siyo yule mwenye haraka, na nadhani mnajua ni nani kati yenu.