DVD za harusi kwenye kompyuta mpakato isiyo na sehemu ya diski
Ndugu, umeuliza kama DVD za harusi yenu ya mwaka 2009 zinaweza kusomwa na kompyuta yako mpya isiyo na sehemu ya diski. Zinaweza, mradi upate draivu ya nje, yaani kifaa cha kusomea diski kinachochomekwa kwenye USB, ambacho Windows 10 na 11 hukitambua bila programu ya ziada. Kinachowakwamisha wengi ni kwamba tangu Windows 8 mfumo huo kwa kawaida hauji na uwezo wa kucheza video za DVD, hivyo mtu hudhani diski imekufa ilhali kinachokosekana ni programu kama VLC, ambayo ni ya bure. Nimewahamishia wateja wengi hapa Mwanza video zao kwa njia hiyo, na ninakushauri unakili mapema, kwa sababu diski zilizochomwa (yaani kurekodiwa) studio huhifadhi data kwenye tabaka la rangi linaloharibiwa na joto na mwanga, na nyumba zetu za bati hazizionei huruma. DVD ya kawaida hubeba GB 4.7 tu, kwa hiyo flashi ya GB 64 inatosha. Diski ya aina ya Blu-ray, hata hivyo, haisomwi na draivu ya DVD.