Jibu: Kwa nini mbuyu wako umelala bapa kwenye turubai

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini mbuyu uliouchora kwa rangi ya mafuta unaonekana bapa ingawa rangi zake umezipatia. Kwa maelezo yako, shina, anga na ardhi umevipaka kwa mkono mmoja na unene mmoja, kama mtu anayepaka mlango. Naamini tatizo liko hapo.

Nami nilianza hivyo hivyo hapa Dodoma, kwa kuwa nilijifunzia rangi za kung'aa za dukani, za aina aliyoitumia mchoraji Edward Saidi Tingatinga, ambazo uzuri wake umo katika uso laini na mstari safi. Rangi ya mafuta ya wachoraji ni nzito kama siagi, nayo hutunza alama ya kila singa ya brashi.

Siku moja, karibu na Chamwino, kabla ya kufungua rangi nililipapasa shina la mbuyu kwa kiganja. Gome lilikuwa na mikunjo iliyolizunguka shina, na makovu yenye kingo nene mahali lilipobanduliwa kwa ajili ya kamba. Niliporudi kwenye turubai nilichukua brashi ya singa ngumu na rangi isiyoongezwa mafuta, nikaifuata ile mikunjo kwa kuzungusha mkono. Makovu niliyaweka kwa kisu cha rangi, pigo moja kwa kila kovu, bila kurudia. Anga niliipaka nyepesi mno hata nyuzi za turubai zikaonekana. Jioni, mwanga wa dirishani ulipoingia kwa upande, matuta ya rangi yalitupa vivuli vyake yenyewe, na shina likaja mbele. Rembrandt, mchoraji wa kale wa Uholanzi, aliujua uwezo huu: katika Bibi Harusi wa Kiyahudi, mchoro ulioko Amsterdam, mkono wa vazi la bwana ni kama umefinyangwa.

Angalia jambo moja. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, ngozi ya juu ikitangulia, na tabaka nene huchukua miezi. Niliwahi kupaka rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini juu ya tabaka nene lililokuwa bichi ndani, na mchoro mzima ukapasuka. Nyepesi itangulie, nene ifuate. Upepo wetu wa Julai nao hubeba vumbi, basi egemeza mchoro ukiutazamisha ukutani.

Kwako, anga iache ilivyo. Kwangua shina peke yake, ulianze upya kwa brashi ngumu.